Nimehama kutoka shokapu mbili kwenda haditeli ya kaboni, Mtwara hii hii

Wakuu, kwa muda mrefu mi nilikuwa mtu wa baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma na wala sisemi ni mbaya. Ila Mtwara mjini na pwani yake sio sehemu ya kuruka mawe, huku ni mchanga, njia za kwenye mikorosho na lami ndefu ya Mikindani kwenda mpaka Mnazi Mmoja, alafu chumvi ya bahari na vumbi vinaingia kwenye beringi za kule nyuma zinaanza kulia, na shokapu ya nyuma inataka sili mpya kila baada ya muda na sili zenyewe mpaka uagize Dar.

Nikauza, nikachukua haditeli ya kaboni, yani shokapu ya mbele tu, inabonyea milimita 100, nyuma fremu imekaza. Ya zamani ilikaribia kilo 14, hii haifiki 11. Ukianza kupanda vilima vya Mikindani unasikia kabisa, ukikanyaga tu inaenda, nguvu haiishii kwenye kudundadunda.

Sasa mgongo, maana kila mtu ananiuliza kama mgongo hauumi bila shokapu ya nyuma. Jibu liko kwenye upepo jamani, naumia nikiona mtu kajaza tairi mpaka inalia kama ngoma. Mi nina kilo 70 na kitu, natumia tairi pana za inchi 2.4 zisizo na tyubu, ndani kuna maji ya kuziba pancha, nyuma naweka psi 22 (psi ni kipimo cha upepo) mbele 20, nikienda Msimbati nashusha mpaka 17 hivi, tairi inatandaa inapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Geji na kapampu kadogo sitoki bila.

Na usikae kitako muda wote. Kwenye mizizi inuka kidogo, pedeli ziwe sambamba na ardhi, magoti yalegee, weka gia nzito kidogo ili uzito uwe miguuni. Mwanzoni mapaja yatauma, vumilia.

Kwa fundi simama naye pale pale. Bolti ya siti inakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyingi ni Nm 5 (nyutoni mita) na huwa imeandikwa hapo hapo, na bomba la siti usipake grisi, kuna pesti yake ya kaboni yenye chengachenga inashika bila kukaza sana. Fremu isibanwe kwenye jiliwa hata kidogo! Ikipigwa jiwe gongagonga na sarafu, sauti ikiwa imefifia kuliko pembeni yake usiipande mpaka iangaliwe. Ukitoka baharini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kaboni hailiwi na kutu ila bolti na cheni zinaliwa.

Kama uko Newala na kila siku unashuka ule ukingo wa uwanda wa Makonde kwenye mawe, wewe baki na shokapu zako mbili.