Dawa ipo kwenye friji, mgonjwa bado anakufa: nilivyopanga huduma ya walioumwa na nyoka

Ushauri nilioupata kwa wingi ulikuwa huu: tafuta dawa ya sumu ya nyoka, iweke kwenye friji, kazi imekwisha. Waliokuwa wakiutoa wengi wao hawajawahi kulala wodini na mgonjwa ambaye kope zinamdondoka. Dawa hiyo, yaani antivenomu, ikishafika kituoni ndipo unapoanza kuona yote yaliyokuwa yamejificha nyuma ya uhaba wake: hakuna kipimo, adrenalini, sindano ya kumwokoa anayepata mzio mkali, ipo kabatini na funguo haijulikani ilipo, mgonjwa amefika amechelewa na mguu umefungwa kamba. Leo huduma inakwenda, na nitajisifu kidogo, kwa sababu mambo yaliyoiinua ni yale ambayo kwenye vikao hayana hata mtu wa kuyaandika.

Nianze na tyubu ya glasi, maana ilinisumbua kuliko friji.

Pasipo na maabara, kipimo cha kutegemea ni cha kuganda kwa damu kwa dakika 20. Unavuta damu mililita 2 kutoka mshipani, unaiweka kwenye tyubu ndogo ya glasi iliyo mpya, safi na kavu, unaisimamisha mahali haitaguswa, na dakika 20 zikitimia unaiinamisha mara moja tu. Ikishikamana, imeganda. Ikitiririka kama maji, sumu imekula viambato vya kugandisha damu, na mgonjwa huyo anahitaji antivenomu hata kama amekaa kitandani anapiga soga. Nyoka wa jamii ya kifutu na ndugu zake wadogo ndio hasa wanaoleta hali hiyo.

Rahisi, sivyo? Sasa sikia. Tyubu za glasi zilipoadimika, tukaambiwa tutumie za plastiki, eti tyubu ni tyubu. Lakini ni uso wa glasi unaoamsha damu ianze kuganda. Plastiki haifanyi hivyo ipasavyo. Damu ya kila mtu ikawa inachelewa, na hata aliyeumwa na nyoka asiye na sumu akaonekana mahututi kwenye karatasi. Vichupa vya thamani vikaanza kuyeyuka kwa watu wasiovihitaji. Glasi zilipopatikana, ukaja ushauri wa pili, huu ukiwa umevaa koti la usafi: zioshwe, zitumike tena. Zikasuguliwa kwa sabuni ya unga hadi zikameta. Mabaki ya sabuni yanaufunika ule uso, na damu ikagoma tena kuganda. Zilizometa zaidi ndizo zilizodanganya zaidi.

Dawa yake ni hila ndogo ambayo naipenda kuliko vifaa vyote vya pale. Kila boksi jipya la tyubu likifunguliwa, na kila matokeo yanapotia shaka, kipimo kinawekwa mara mbili sambamba: tyubu moja ina damu ya mgonjwa, nyingine ya mtu mzima wa afya. Ya mwenye afya isipoganda, mwenye ugonjwa ni tyubu. Anayetolewa damu mara nyingi ni mimi mwenyewe, na wenzangu wamenipa jina ambalo sitaliandika hapa. Tyubu iliyokwishatumika inatupwa, hakuna mjadala. Na muda ni wa kengele ya simu, si wa kukisia. Kuna watu hawawezi kuiacha tyubu itulie, kila baada ya dakika mbili wanaiinua waone. Ukiitikisa unavuruga mgando unaojijenga, halafu unasoma uongo ulioutengeneza mwenyewe.

Baada ya dozi, kipimo hurudiwa saa 6 baadaye. Antivenomu inaizima sumu, ila ini ndilo linalotengeneza upya viambato vilivyoliwa, nalo linahitaji muda. Kurudia kipimo baada ya nusu saa, kisha kuongeza dozi kwa hofu, ni kumwaga dawa. Saa 6 zikipita na damu bado ni maji, hapo dozi inarudiwa.

Kuhusu dawa yenyewe: soma orodha ya nyoka kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi kabla hujafurahia bei. Antivenomu hufanya kazi kwa sumu iliyotumika kuitengenezea, au sumu inayofanana nayo sana. Ghana iliwahi kupokea dawa mpya iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India. Kwa taarifa iliyochapishwa mwaka 2008, vifo katika eneo lililochunguzwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kwa macho, vichupa vilikuwa vichupa tu. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur ilipoacha kutengeneza Fav-Afrique, antivenomu ya nyoka wa Afrika, na shehena ya mwisho kuisha muda wake 2016, pengo lile lilikaribisha kila aina ya mbadala, kwa hiyo tahadhari hii haijazeeka.

Antivenomu ya maji hukaa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda barafu imeharibika. Kwenye friji ndogo, isigusane kamwe na ukuta wa barafu. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua ya unga, kwa kuwa aina nyingi za unga huvumilia joto la chumba lisilozidi kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, na umeme wetu sisi watu wa vijijini tunaujua. Kasoro yake ni kuyeyusha. Mtu mwenye haraka hutikisa kichupa kama anachanganya dawa ya kikohozi, povu linajaa, nusu ya dawa inabaki kwenye povu. Zungusha taratibu kwenye kiganja hadi iwe angavu. Inachosha, hasa vichupa vikiwa vingi, kwa hiyo mpe kazi hiyo mtu wa pili wakati wewe unatafuta mshipa kwenye mkono usioumwa.

Halafu kuna kile kinachoitwa kubana matumizi: kichupa kimoja kwa kila mgonjwa ili wote wapate. Hakuna anayepata. Dozi ya kwanza ni ile ya karatasi ya mtengenezaji, yote, na mtoto anapewa sawa na mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu kwa kuwa ni mdogo. Kinachopungua kwa mtoto ni maji ya dripu ya kuchanganyia. Mjamzito naye anapewa. Ni afadhali kituo kiwe na dozi kamili chache na kijue pa kupeleka wengine.

Dripu huenda kwa dakika 30 hadi 60. Kabla haijafunguliwa, adrenalini inakuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano na iko mezani, si kabatini: kwa mtu mzima miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kwa mtoto miligramu 0.01 kwa kilo. Vile vijisindano vya kupima mzio kwenye ngozi tuliviacha. Havitabiri chochote na vinakula muda. Utafiti mkubwa wa Sri Lanka wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba adrenalini kidogo ya tahadhari, miligramu 0.25 chini ya ngozi kabla ya dripu, inapunguza mizio mikali, wakati promethazini na haidrokotisoni, dawa za mzio zilizozoeleka, hazikuonyesha faida hiyo. Hata hivyo bado nakuta watu wanatoa hizo mbili kwanza, kwa mazoea. Vipele vya kuwasha, kikohozi au kutapika vikianza, funga dripu, choma adrenalini, subiri mgonjwa atulie, kisha endelea polepole. Mzio haumaanishi dawa inaachwa.

Swila na koboko ni habari nyingine. Hapo damu inaganda vizuri huku pumzi ikiondoka. Mwambie mgonjwa atazame juu bila kuinua kichwa: kope zikibaki chini, saa imeanza kuhesabu. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, na andika alipofika. Kila nusu saa namba ikishuka, hauhitaji kipimo kingine. Antivenomu hairudishi haraka misuli iliyokwisha kulegea, kwa hiyo kinachomweka hai ni mfuko wa kupumulia wa mkono, ule wa ambu, kwa pumzi 12 hadi 15 kwa dakika, watu wakipokezana, saa nyingi, hata akiwa njiani kupelekwa hospitali. Ndugu wanafundishika. Na wafundishe pia kwamba aliyelegea mwili mzima anaweza kuwa anasikia kila neno, hata macho yakiwa hayaonyeshi uhai, ili wasianze kupanga mazishi kando ya kitanda. Kwa swila, neostigmini, dawa ya kuamsha misuli, ikitanguliwa na atropini wakati mwingine inafungua kope mbele ya macho yako, lakini usiiache ikupumbaze ukauweka mfuko mbali.

Njiani ndiko wengi hufia. Nepal walionyesha njia: vijiji vilipopanga madereva wa kujitolea wa pikipiki, mgonjwa akikaa katikati ya dereva na msaidizi anayemshika, pamoja na elimu kwa wanakijiji, vifo vilishuka kutoka asilimia 10.5 ya walioumwa hadi 0.5, kwa matokeo yaliyochapishwa 2013. Niliiga bila aibu. Kinachohitajika ni namba za madereva zinazojulikana, mafuta ambayo mtu fulani ameahidi kuyarudishia, na sheria moja: pikipiki haipitii kwingine kwanza.

Kwingine kwanza ni kwa mganga wa jadi. Nilishauriwa nipambane naye, na kama ningefuata ushauri huo wagonjwa wangeendelea kufika usiku wa pili. Badala yake naye ana namba ya dereva. Anajua dalili zinazomkataza kumshika mgonjwa: kope, fizi zinazotoka damu, uvimbe unaopanda. Jiwe la nyoka anabaki nalo.

Nyumbani tunafundisha mambo machache mno. Vua pete na bangili, funga banzi kiungo kisisogee, mlaze ubavu, ondoka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Usimlete nyoka, hata kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi papo hapo, na antivenomu haimhusu.

Anayefika akiwa na kamba, msiikate mlangoni! Ikiachiwa ghafla, sumu iliyozuiliwa inaingia kwa mkupuo. Kwanza mshipa, adrenalini na antivenomu viwe tayari, kisha legeza kidogo kidogo.

Mengine: chora kwa kalamu mwisho wa uvimbe na uandike saa. Maumivu ni parasetamoli, usitoe aspirini wala diklofenaki. Sindano ya pepopunda isubiri damu igande. Asiye na dalili analala saa 24 hata akinuna, maana koboko hajui ratiba ya basi.

Kwa wanaoandika maombi ya dawa: tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeliweka suala la kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mkakati wake wa 2019 unataka vifo na ulemavu vipungue kwa nusu ifikapo 2030. Taja hilo kwenye aya ya kwanza, na kwenye ya pili idadi ya wagonjwa kutoka rejesta yako. Bila rejesta utaandika barua nzuri sana isiyoleta kitu.

Mgonjwa akiruhusiwa, mwambie kwamba katika wiki moja au mbili zijazo homa, muwasho na maumivu ya viungo vinaweza kutokea kwa sababu ya dawa, si kwa sababu sumu imerudi. Akirudi navyo, prednisoloni ya siku 5 hadi 7 humtuliza.