Kumbukumbu ya mradi: kisanduku cha mwanga cha kupimia maji ya kuoshea dagaa

Kisanduku sasa kinasoma mwanga wa aina mbili kwa zamu, wa chungwa na wa infraredi, na kuandika vipimo kwenye kadi ya kumbukumbu kila dakika bila mtu kukikalia. Kwa msomaji anayekutana na mradi huu kwa mara ya kwanza, nia yake ni kukadiria wingi wa bakteria walio hai katika maji yanayotumika kuoshea dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na kupata jibu ndani ya saa chache badala ya siku moja au mbili ambazo bakteria huhitaji ili waote kwenye sahani ya maabara na kuonekana kwa macho. Nimechagua maji, si samaki mwenyewe, kwa sababu mwanga hupita kwenye maji, na kwa sababu beseni moja huosha dagaa wa mitumbwi mingi kabla ya kumwagwa.

Rangi ninayotumia ni rezazurini, ambayo majini ni ya buluu na ambayo bakteria, kwa upumuaji wao, huigeuza kuwa rezorufini ya waridi. Kabla yake nilitumia buluu ya methilini, rangi ambayo wakaguzi wa maziwa waliitegemea kwa miongo mingi: maziwa yaliyopoteza buluu kabla ya saa 2 kwenye nyuzijoto 37 yalihesabiwa duni, na yaliyoishika hadi saa 8 yalihesabiwa mazuri sana. Ni rangi rahisi kupatikana, lakini hewa huirudisha. Ukitikisa kichupa kilichokwisha kupauka, buluu hurejea, na hata kisipoguswa, ukanda wa juu unaokutana na hewa hubaki na rangi yake. Rezazurini ikishageuka waridi hairudi kuwa buluu, na sifa hiyo peke yake ilitosha kunifanya nihamie huko.

Upande wa mwanga ndio ulionipa raha, kwa kuwa mimi ni fundi wa redio na simu. Rezazurini hufyonza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 600, na rezorufini karibu na nanomita 570. Kwa hiyo taa ya LED ya rangi ya chungwa, ya nanomita 605 hivi, huzuiwa sana mwanzoni na kuanza kupenya kadiri buluu inavyokwisha. Tatizo ni kwamba maji ya dagaa yana magamba na chembe za nyama ambazo nazo huzuia mwanga. Hapo ndipo ilipoingia taa ya infraredi niliyoichomoa kwenye rimoti ya televisheni iliyokufa. Mwanga wake haufyonzwi na rangi yoyote kati ya hizo mbili, bali hupungua kwa sababu ya uchafu tu, hivyo nikilinganisha usomaji wa taa zote mbili ninabaki na kitu kinachokaribia sana badiliko la rangi pekee. Nasema kinachokaribia kwa sababu chembe ndogo hutawanya chungwa kuliko infraredi, na damu ya samaki ina rangi yake yenyewe. Ndiyo maana kila kichupa hulinganishwa na usomaji wake wa mwanzo, si na maji safi.

Mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni aliniuliza, "Fundi, sasa hako kataa kanawahesabu hao wadudu mmoja mmoja?" Hapana, na jibu lake ndilo kiini cha mradi wote. Kifaa hakihesabu bakteria, kinapima muda ambao rangi huchukua kubadilika. Katika chakula kizuri na joto la nyuzi 37, bakteria aina ya E. coli, wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama, huweza kugawanyika kila dakika 20. Ili idadi iongezeke mara kumi inahitajika migawanyiko mitatu na theluthi, yaani dakika 66 hivi. Kwa hiyo sampuli ambayo mwanzoni ilikuwa na bakteria pungufu mara kumi kuliko nyingine itachelewa kubadilika rangi kwa takriban saa moja na dakika sita, na ucheleweshaji huo ndio unaosomeka kama wingi. Hesabu hiyohiyo inaonyesha mpaka wa kifaa: bakteria mmoja kwa mililita akitakiwa kufikia milioni kumi, kiwango ambacho maji huanza kuonekana yana ukungu, zinahitajika karibu saa 8. Salmonela, bakteria wa kuharisha ambayo kanuni za chakula nyingi hutaka isiwepo kabisa katika gramu 25 za chakula, haiwezi kukamatwa kwa njia hii, na sitaki mtu yeyote adhani inaweza.

Joto limenichukulia muda zaidi kuliko mwanga. Rezista zilizobanwa kwenye kipande cha aluminiamu hushikilia vichupa kwenye nyuzi 37 kwa umeme wa betri ya sola, ili umeme wa mtaani ukikatika jaribio lisiharibike. Nyuzi 37 zinawapendelea bakteria wa matumbo ya watu na wanyama. Wengi wa wale wanaoozesha samaki wa ziwani hupenda joto la chini zaidi. Kwa kuwa ninatafuta dalili ya kinyesi, si ya uozo, nimebaki hapo.

Kila sampuli sasa inakwenda na pacha wake, aliyepitishwa kwenye kichujio cha bomba la sindano chenye matundu ya mikrometa 0.22. Bakteria hubaki kwenye kichujio, lakini viyeyushwa vya samaki vinavyoweza kubadili rezazurini vyenyewe hupita. Kuchemsha kungekuwa rahisi, ila kungeua pia vimeng'enya (enzaimu) vya samaki, na pacha asingefanana tena na ndugu yake. Mapacha wakibadilika pamoja, nalitupa jibu hilo. Vichupa vyote huloweshwa katika maji ya klorini kabla ya kuoshwa.

Nimeanza pia kuangalia njia ya kuitambua E. coli hasa. Karibu aina zake zote zina kimeng'enya kinachokata kiambata kiitwacho MUG na kuacha kitu kinachong'aa buluu chini ya mionzi ya urujuanimno ya nanomita 365. Tochi nyingi za kukagulia noti bandia hutoa nanomita 395, zenye buluu yao wenyewe inayoficha mng'ao, kwa hiyo natafuta taa halisi ya 365. Aina hatari ya O157:H7 kwa kawaida haina kimeng'enya hicho na itapita bila kuonekana.

Dagaa wakavu watasubiri. Bakteria waliojeruhiwa na ukavu huchukua muda kabla ya kuanza kugawanyika tena, na kifaa kinachosoma muda kingewaona kuwa wachache kuliko walivyo. Kwanza nitatengeneza mfululizo wa sampuli moja iliyozimuliwa mara kumi, mara mia na mara elfu, nione kama tofauti ya dakika 66 inajitokeza katika maji ya Kibirizi au kama bakteria wake wana mwendo wao.