Umri wa marejeo: usiifute ripoti ya 1929

Wanafunzi wa uvuvi hapa Mwanza huambiwa mara nyingi wafute marejeo yaliyopita miaka 10. Kwa Ziwa Victoria agizo hilo linaharibu kazi, na hesabu haiungi mkono.

Pima kwanza. Tuseme tasnifu ni ya 2024 na ina marejeo 61. Toa mwaka wa kila chapisho kwenye 2024, panga umri kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha tazama wa 31: huo ndio umri wa katikati. Makosa huwa kwenye tarehe. Programu ya marejeo hubeba mwaka wa kuchapwa upya, au wa siku nakala ilipopakiwa mtandaoni, na ripoti ya kale inaonekana changa. Fungua ukurasa wa mbele wa chapisho lenyewe uhakiki.

Sasa maana yake. Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alieleza mwaka 1963 kwamba maandishi ya sayansi yalikuwa yakiongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15. Fani inayokua maradufu kila miaka 10, nusu ya yote yaliyowahi kuandikwa ndani yake ni ya miaka 10 ya karibuni. Kwa hiyo hata watafiti wangenukuu bila kupendelea jipya wala la kale, umri wa katikati ungetoka 10. Watu huiona namba hiyo wakadhani ya zamani yamekufa, kumbe mapya ndiyo yamejaa.

Mbinu za maabara huzeeka upesi, hilo sibishi. Maelezo ya spishi hayazeeki hivyo: ukiandika jina la kisayansi la ngege, Oreochromis esculentus, unarudi kwa Michael Graham, mtafiti wa uvuvi aliyeieleza spishi hiyo mwaka 1928. Ripoti yake ya 1929 inaonyesha uvuvi wa ziwa kabla sangara hajapandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na humo alionya juu ya hatari ya kuleta samaki mkubwa mla samaki. Ziwa lile halipo tena la kupimwa upya. Ndivyo ilivyo pia kwa sampuli za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zilizochukuliwa Ghuba ya Mwanza kabla sangara hajatanda miaka ya 1980.

Kinachostahili kukaguliwa ni mwaka wa takwimu. Makala ya 2022 inaweza kubeba vipimo vya 1995, na orodha ya marejeo haitakuonyesha. Ongeza safu ya pili kwenye jedwali lako: mwaka vipimo vilipochukuliwa.