Nilivyopanga safari ya Essen kwa kuanzia na begi

Wengi wanaokwenda SPIEL, yale maonyesho ya michezo ya mezani yanayofanyika kila Oktoba mjini Essen, Ujerumani, huanza na orodha ya michezo wanayoitaka. Mimi nilianza na begi. Nauli niliyoimudu ilikuwa na begi moja la kilo 23, basi. Chumba nilicholala, meza nilizokaa, hata chakula nilichokula, vyote viliamuliwa na zile kilo 23.

Sababu ni hii. Tuko kikundi cha marafiki hapa Dar, tunakutana Jumapili mchana kwenye baraza ya mwenzetu mmoja kule Mikocheni. Zamani ilikuwa karata na drafti. Siku moja mtu akaja na Catan, mchezo wa mezani aliouachiwa na jirani aliyekuwa anahama nchi, na tangu hapo drafti imekuwa ya kusubiria wanaochelewa. Michezo hii hapa kwetu haipatikani kirahisi, na ukiagiza mtandaoni gharama ya kusafirisha inaweza kuipita bei ya mchezo wenyewe. Iliposikika kwamba nina likizo Oktoba 2024 na nimepania kwenda Essen, wenzangu wakachanga. Kwa hiyo sikusafiri na hela zangu tu. Nilibeba hela za watu, na kila mmoja ana lake.

Essen ni mji uliokulia kwenye makaa ya mawe na chuma, katikati ya bonde la Ruhr. Maonyesho yenyewe yalianza 1983 na sasa ni ya siku nne, Alhamisi hadi Jumapili. Ukijumlisha mahudhurio ya siku zote unapata zaidi ya 200,000. Kama umewahi kuingia Sabasaba siku ya kilele, umeshaielewa ile hali. Ila hapa mabanda yote yamo ndani ya kumbi, na karibu kila banda lina meza unazoombwa ukae ucheze.

Viza ndiyo iliyokula muda wangu. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa imetoka kupanda Juni mwaka ule, kutoka yuro 80 hadi 90, yaani zaidi kidogo ya laki mbili na nusu za kwetu. Bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000. Halafu taarifa za benki, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, uthibitisho wa malazi, tiketi ya kwenda na kurudi. Nilichoongeza mimi ni barua ya ukurasa mmoja ya kueleza maonyesho ni ya nini, ninaenda kufanya nini kila siku, na nani anagharamia. Nyuma yake nikabana tiketi za kuingilia nilizokuwa nimeshazinunua mtandaoni. Dada wa dirishani aliisoma yote, akaninyanyulia macho.

"Kaka, haya mambo si ya watoto?"

"Watoto wapo, dada, lakini wengi ni watu wazima kama sisi."

"Mnakaa mnacheza tu?"

"Tunacheza, tunanunua, tunarudi nyumbani."

Akacheka, akaitia barua kwenye faili. "Haya, weka vidole hapa."

Siwezi kusema ile barua ndiyo iliyonipa viza. Ila maombi ambayo msomaji haelewi unakwenda kufanya nini yanajitafutia maswali, na mimi sikutaka maswali.

Malazi ndipo pesa nyingi hupotelea. Kumbi za maonyesho, zinazoitwa Messe, ziko jirani na Rüttenscheid, mtaa mzuri wenye migahawa kila hatua, na wiki ya SPIEL hoteli za pale hupandisha bei hadi unajiuliza kama unalipia kitanda au unanunua nyumba. Nikaachana na ramani ya hoteli, nikafungua ramani ya reli. Miji ya Ruhr imegusana: Duisburg, Oberhausen, Mülheim, Essen, Gelsenkirchen, Bochum. Unatoka mmoja unaingia mwingine bila kuona shamba katikati, na treni za mkoa hazikauki. Nikachagua Mülheim, chumba chenye jiko, mwendo mfupi wa miguu hadi stesheni kuu. Treni ya S1 inakufikisha Essen kwa dakika kama kumi. Ukitaka ya taratibu kuna U18, ambayo sehemu ya njia yake inapita katikati kabisa ya barabara kuu ya A40, magari kulia na kushoto. Kwa bei ya usiku mmoja wa Rüttenscheid nililala Mülheim karibu mara tatu, na nilichagua chumba kinachoweza kufutwa bila gharama ili viza ikigoma nisilie mara mbili.

Usafiri wa ndani niliumaliza kwa Deutschlandticket, ambayo mwaka ule ilikuwa yuro 49: mwezi mzima, treni zote za mkoa na za mjini, nchi nzima, isipokuwa zile za kasi. Mambo mawili tu ya kuangalia. Inahesabu mwezi wa kalenda, kwa hiyo nilipanga nitue Düsseldorf tarehe 1 Oktoba na si 30 Septemba. Pia inauzwa kama malipo ya kila mwezi, nawe usipoikatisha kabla ya tarehe 10 wanaendelea kukukata mwezi unaofuata. Uwanja wa ndege wa Düsseldorf una kitreni kinachoning'inia chini ya reli yake, kinakutoa kwenye jengo la abiria hadi stesheni, na kutoka pale ni treni moja hadi Mülheim.

Mwaka ule maonyesho yalifunguliwa Alhamisi tarehe 3 Oktoba, sikukuu ya muungano wa Ujerumani. Karibu maduka yote yanafunga, kama yanavyofunga kila Jumapili. Jumatano jioni nilishanunua mkate, mayai, ndizi na jibini, kwa hiyo asubuhi ile sikutafuta kitu. Chakula cha kumbini kina foleni na bei. Kwa wanaoangalia halali, ile soseji ya mchuzi wa kari inayouzwa kila kona mara nyingi ni ya nguruwe, lakini migahawa ya Waturuki imejaa eneo lile lote na jioni haikunisumbua hata mara moja.

Turudi kwenye begi. Kwenye mtandao wa BoardGameGeek huwekwa orodha ya michezo inayotoka SPIEL, na ni mamia kwa mamia. Ukiisoma kama unavyosoma menyu ya hoteli utachanganyikiwa. Nilijiwekea masharti nikaanza kukata. Uchezwe na watu wanne hadi sita, maana barazani hatupungui hapo. Uishe ndani ya saa moja na nusu. Sanduku lisizidi kilo mbili. Na sharti lililokata zaidi ya yote: kadi zisiwe na maneno mengi. Mabanda mengi pale yanauza toleo la Kijerumani, na hata toleo la Kiingereza, mchezo wenye kadi mia mbili zenye aya za maelezo utaudhi baraza letu kabla mchana haujaisha. Mchezo wa alama na picha unautafsiri mara moja tu, yaani kitabu cha sheria, mengine yanakwenda yenyewe. Azul ni mfano mzuri wa ninachosema: vigae vya rangi, neno hakuna, na ilishinda tuzo ya Spiel des Jahres, yaani mchezo wa mwaka wa Ujerumani, mwaka 2018. Ile tuzo ipo tangu 1979, na kwa mnunuzi wa mbali kama mimi orodha ya washindi wake wa zamani ina faida kuliko kelele za mwaka huu. Michezo hiyo imeshajaribiwa na familia nyingi, na pale Essen kuna mabanda yanayouza toleo la mwaka juzi kwa bei ya kushusha mzigo.

Iliyobaki niliipanga kwenye karatasi kwa namba ya ukumbi na ya banda, ili nisizunguke hovyo. Asubuhi unapanda treni ya U11 chini ya stesheni kuu ya Essen, kwenye kituo chenye mwanga wa buluu kama uko ndani ya tangi la samaki, unashuka Messe Ost/Gruga pamoja na kila mtu aliyevaa fulana yenye picha ya dadu. (Baadhi ya mabehewa yaliyotumika kwenye reli hizi yalinunuliwa kutoka reli ya Docklands ya London. Anayependa treni ataniombea dua kwa taarifa hii.)

Alhamisi na Ijumaa sikununua kitu, nilicheza tu. Utaratibu ni rahisi: unasimama karibu na meza inayoelekea kumaliza, unawauliza kama unaweza kufuata, na wanaofuata wakiwa wawili tu wanakukaribisha hapo hapo, maana mchezo unataka wanne. Kukaa na usiowajua ni jambo la kawaida kabisa pale. Kuna mchezo mmoja wa mnada wa samaki niliokuwa nimeupigia mstari mara mbili. Nilikaa na mzee mmoja na mjukuu wake, na kijana wa banda akatufundisha. Mzunguko wa pili nikagundua kila samaki ana kanuni yake ndogo nyuma ya kadi; mjukuu alikuwa anamsomea babu kila zamu, babu anatikisa kichwa. Nikaujua mwisho wake barazani kwetu. Nilimaliza raundi ile kwa adabu, nikashukuru, nikaukata. Huo ndio uzuri wa kwenda mwenyewe: picha ya sanduku haikwambii hayo.

Kwenye banda moja la michezo ya mbao nilikuta Kalaha, jamaa ya bao yenye safu mbili, na muuzaji akaanza kunifundisha kusambaza kete. Nikamwacha amalize, kisha nikamwonyesha kwenye simu picha ya bao letu: safu nne, mashimo 32, kete 64, na kunamua kwanza kabla ya kuingia mtaji. Akamwita mwenzake. Nikapoteza karibu saa nzima pale, wala sijutii.

Jumamosi ndiyo siku ya msongamano kuliko zote. Nilikuwa mlangoni kabla ya saa nne asubuhi, nikafuata karatasi yangu, nikanunua, saa sita nikatoka. Michezo miwili ilikuwa imeshaisha. Niliwaandikia wenzangu, nikapokea maneno, nikaendelea.

Kisha kufunga. Mchezo mpya umejaa hewa na plastiki. Nilifungua kila sanduku mezani pale Mülheim, nikang'oa vipande vya kadibodi kutoka kwenye fremu zake, na fremu zile peke yake zilijaza mfuko wa taka za karatasi. Trei za plastiki nazo zikaondoka. Kadi na vipande vikaingia kwenye vifuko vya zipu, kila mchezo na vifuko vyake, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Masanduku madogo yakaingia ndani ya makubwa. Makubwa yakawa droo za nguo, soksi humu, mashati mle, ili yasibonyee njiani. Dadu na sarafu za chuma, ambazo ni nzito kuliko zinavyoonekana, zikaenda begi la mkononi, na kwenye mashine ya ukaguzi zikanisimamisha kama nilivyotarajia. Mzani wa mkononi ukasoma kilo 22.7.

Moja la mwisho ni kodi. Kwa wanaoishi nje ya Umoja wa Ulaya, ununuzi wa zaidi ya yuro 50 kwenye duka moja unaweza kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa bidhaa hizi ni asilimia 19, mradi duka likubali kukujazia fomu. Wenye mabanda wengi hawajishughulishi na hilo. Duka la michezo mjini lilikubali. Bidhaa inaonyeshwa forodha kwenye uwanja wa mwisho ndani ya Umoja, kabla begi halijakutoka, kwa hiyo kama unabadilisha ndege Istanbul au Doha, mhuri unaupatia Ujerumani.

Maombi ya viza ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayefikiria Oktoba ijayo aanze na mwajiri na benki mwezi wa tatu, aweke chumba kinachofutika Mülheim au Oberhausen, na anunue mzani wa mkononi kabla ya kitu kingine chochote.