Cheti Kipo, Meli Haipo

Binti wa kaka yangu alipomaliza masomo ya darasani ya uofisa wa sitaha, yaani wa kuongoza meli, alikuja kwangu Mombasa na bahasha ya vyeti mkononi, akaniuliza swali ambalo mimi, niliyekaa miaka mingi katika ofisi ya wakala wa meli, sikuwa na jibu lake: "Shangazi, sasa meli naipata wapi?"

Kwa mujibu wa Mkataba wa STCW wa mwaka 1978, unaoweka viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia duniani, kufaulu mitihani peke yake hakumfanyi mtu kuwa ofisa. Sharti kadeti, yaani ofisa mwanafunzi, atumikie melini si chini ya miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, akijaza daftari la mafunzo, na angalau miezi 6 kati ya hiyo ashike zamu darajani, yaani katika chumba cha kuongozea meli, chini ya usimamizi. Asiye na mpango huo hudaiwa miezi 36. Nafasi hiyo haitolewi na chuo bali na mwenye meli, na kwa kuwa meli kubwa tunazozipokea hapa nyingi ni za kigeni, kijana wetu hubaki kubisha hodi kwenye milango ya watu. Wavulana nao husota, sikatai. Lakini msichana huongezewa jibu ambalo mvulana halipati: kampuni moja, nisiyopenda kuitaja, ilimwandikia binti yetu kwamba haina chumba cha mwanamke, kana kwamba vyumba vya makadeti huundwa vikiwa na jinsia.

Ndiyo maana huwa sipendezwi sana na makongamano ya kuwahamasisha wasichana wasiiogope bahari. Wanawake wa pwani hii wamechokoa pweza na kutanda dagaa kwa khanga tangu enzi za mabibi zetu, na Zanzibar kilimo cha mwani kimesimama mabegani mwao. Bahari wanaijua, maji yake makuu na maji yake mafu. Ripoti ya mwaka 2021 ya BIMCO, jumuiya ya kimataifa ya kampuni za meli, na Chama cha Kimataifa cha Wamiliki wa Meli ilihesabu wanawake 24,059 wenye vyeti vya STCW, yaani asilimia 1.28 tu ya mabaharia wa aina hiyo. Pengo kubwa kiasi hicho siamini kuwa limeletwa na woga.

Huwa namkumbuka Victoria Drummond wa Uingereza, mhandisi wa meli. Mwaka 1940, meli yake ya Bonita iliposhambuliwa na ndege katika Bahari ya Atlantiki, aliwatoa wenzake katika chumba cha injini akabaki mwenyewe akiongeza mwendo, na kwa ushujaa huo akatunukiwa nishani. Hata hivyo watahini wa nchi yake waliendelea kumnyima cheti cha mhandisi mkuu, akawa anategemea kile alichokipata Panama. Ujasiri wake haukuwa na shaka. Aliyekuwa na kalamu ndiye aliyemzuia. Huku kwetu Elizabeth Marami aliufungua mlango wa urubani wa meli, yaani kuziongoza meli kuingia na kutoka bandarini, akiwa mwanamke wa kwanza Kenya kuifanya kazi hiyo, nami hufurahi kila ninapomtaja kwa wasichana, ingawa najua kwamba mfano mmoja hauajiri mtu.

Ningekuwa na sauti, ningeomba kila kampuni ya meli inayofanya biashara ya kudumu katika bandari zetu itenge nafasi za makadeti wa hapa, na iwachukue wasichana wawiliwawili ili asiwepo wa kukaa peke yake miezi 6 katikati ya wanaume watupu. Mambo mengine yameanza kusogea: marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia, yaliyoanza kutumika Desemba 2024, yanataka vifaa vya kujikinga viwe vya saizi inayomfaa mvaaji. Linaonekana dogo, ila binti yetu alijifunza kuzima moto akiwa amekunja mikono ya ovaroli mara tatu, na buti amezijaza soksi.

Wiki iliyopita kampuni ya nne imemjibu, ikitaka nakala ya pasipoti na cheti cha afya. Amezituma usiku uleule, na tangu siku hiyo simu haimtoki mkononi.