Białowieża, msitu ulioponea kwenye bunduki za wafalme

Toka Warsaw, Polandi, nilipanda treni mpaka Białystok, nikaunganisha Hajnówka, halafu pale ndo basi linaingia msituni na miti inakufuata kushoto kulia mpaka unashuka Białowieża, mbele yake ni mpaka wa Belarusi. Hii ni gmina, yaani halmashauri ndogo ya vijijini, watu wachache tu, nyumba za mbao, kanisa la Kiothodoksi na la Kikatoliki vyote vipo, ila karibu eneo lote ni msitu.

Kilichonishangaza ni kwamba msitu umebaki kwa sababu wafalme walitaka sehemu ya kuwinda peke yao. Pale bustanini kuna mnara wa mawe wa mwaka 1752, mfalme August III wa Polandi na watu wake waliua baisani (ng'ombe mwitu wakubwa wa Ulaya) 42 kwenye windo moja na wakaona ni jambo la kuandika kwenye jiwe! Tsar, mfalme wa Urusi, naye akaja kujenga kasri, likaungua 1944 Wajerumani wakikimbia, leo hapo kuna makumbusho.

Lakini mlinzi akianguka na mnyama anaanguka. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia baisani walikuwa zaidi ya 700, vita ikaleta majeshi na njaa, mwaka 1919 yule wa mwisho wa porini hapa Białowieża akauawa. Wale wa porini wa milima ya Caucasus nao wakaisha 1927, dunia nzima wakabaki wa kufugwa tu kwenye zuu na mazizi, na hawa wote wa leo wanatokana na baisani 12, hebu fikiria hilo. 1929 wakarudishwa Białowieża kwenye zizi, 1952 wakaanza kuachiwa porini.

Sehemu ya ndani kabisa ya hifadhi huingii bila mwongoza watalii, na ni sawa kabisa. Mialoni mikubwa ikianguka inaachwa hapo hapo inaoza, juu yake kuna uyoga, kuvumwani, miche mipya, mimi nilikaa naangalia gogo moja mpaka wenzangu wakanipita.

Kinachoniuma ni mpakani. Uzio wa Usovieti ulishawatenganisha baisani wa huku na wa kule, sasa 2022 Polandi wakaongeza ukuta wa chuma wa mita 5 na nusu, na kwa linksi (paka mkubwa wa porini) na mbwa mwitu njia imezidi kuwa finyu, wakati UNESCO wenyewe wameuandika huu kama msitu mmoja wa nchi mbili.