Bibi asiye na miguu

Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwenye studio moja ya katuni hapa Dar, jina siliweki maana kazi yao haijatoka na waliniomba nisipige hata picha. Mi nilijua naenda kukuta makompyuta yanafanya kazi hafu watu wanakunywa soda pembeni, ndo nilivyokuwa naelewa katuni, unabonyeza kitu inatoka. Kumbe ni sebule ya nyumba ya kupanga, mapazia mazito, feni mbili, vijana sita wameinama kwenye skrini na hakuna anayeongea. Binti akaanza shikamoo anko, shikamoo anti, mpaka kwa mmoja aliyeonekana ndo kwanza kamaliza fomu foo, wakacheka wakamuitikia marahaba.

Wanatengeneza filamu fupi ya dakika kumi, ya familia, bibi na wajukuu wake. Nilidhani wanachora kwanza sauti inafuata, ni kinyume. Waigizaji wanarekodi sauti kwanza, sauti zinapangwa juu ya michoro ya penseli iliyosimama tu, wanaitazama filamu nzima hivyo hivyo ikiwa haina rangi wala mwendo, na kama inachosha hapo itachosha hadi mwisho so wanakata hapo hapo kabla hawajaumia. Baada ya hapo ndo mdoli wa ndani ya kompyuta anawekewa mifupa, anaanza kusogezwa, na sekunde moja ni picha 24.

Kijana aliyetukaribisha alikuwa na kioo kidogo cha mkononi mezani, kile cha kujipodolea, nikajua cha mpenzi wake. Kumbe ni chombo cha kazi! Anasikiliza neno, anajitazama mdomo akilisema, anaukopi kwa bibi. Akaniambia dada, midomo tuliyoanza nayo ilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza ikawa inatusumbua, maana Kiswahili karibu kila neno linaishia na irabu, mdomo unaishia wazi. Hafu akatuonyesha neno "mtoto". Midomo inabidi ifungwe kabla ya kitu chochote, ukichelewa fremu chache tu, yaani zile picha, bibi anaonekana anasema "toto". Na "ng'ombe" ndo kimbembe, ile ng' iko huko nyuma midomo haifanyi lolote, ghafla inaviringika kwenye o, inabana, inaachia. Nimeongea Kiswahili maisha yangu yote sijawahi kujiuliza mdomo wangu unaenda wapi.

Wiki nzima huyo kijana alikuwa kwenye sekunde nne, bibi anainuka kwenye mkeka anajifunga kanga vizuri. Sekunde nne! Tatizo ni kanga, nguo kwenye kompyuta ni ngumu, mara inapita ndani ya mkono mara inakaa kama bati, na hii ina maandishi, akiifunga maandishi yanatakiwa yakunjike na nguo ila mtu bado ayasome. Ikabidi amrekodi mama yake kwenye simu akijifunga, mara kumi na kitu, mama wa watu akamuuliza we umechanganyikiwa? Akatuchezea ile video tukaona, kabla ya kukaza lile pindo kuna kamkono kanapapasa nguo kiunoni, kama kuhakikisha, na hako ndo anakotafuta kukaweka kwa bibi. Hata mi nafanya hivyo.

Hapo ndo binti yangu akauliza, anko, mbona bibi hana miguu? Maana kijana alikuwa amemzungusha mdoli na chini ya kanga palikuwa patupu kabisa. Akamjibu kamera haifiki huko so hawakutengeneza. Binti hakuridhika, aliganda pale anauliza sasa anatembeaje, na sikumlaumu maana hata mimi ilinikaa vibaya kidogo.

Wakimaliza kusogeza, kompyuta inapika picha moja moja, mwanga na vivuli. Wao wanaita kurenda. Zile sekunde nne ni picha 96, picha moja ikila dakika kumi hesabu mwenyewe, saa kumi na sita, na hapo umeme usikatike. Wiki iliyopita ulikatika.

Nimerudi nyumbani nikiwa kimya. Kwangu katuni ni yaya, ukweli ndo huo, nawasha nipate nusu saa ya kupika. Ubongo Kids inayotoka hapa hapa Dar tangu 2014 nyimbo zake nimezikariri bila kukaa chini hata siku moja kuitazama. Ile Tinga Tinga Tales ya Nairobi pia, wanyama wake wanafuata ule mtindo wa mzee Edward Saidi Tingatinga aliyekuwa anapaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao huku Oysterbay, na mi nilikuwa naisikia tu kutokea jikoni. Jioni binti akaweka katuni, nikaacha sufuria nikakaa. Nilivumilia dakika kama saba, hafu nikasikia harufu ya wali.

Leo asubuhi gari la shule linapiga honi, binti simuoni. Nimemkuta kwenye kioo cha koridoni, begi mgongoni, pua karibu igusane na kioo. Ng'ombe, anasema. Ng'ooombe. Akanigeukia, mama njoo uone, haufungi mpaka katikati.